Neno Moja Kando ya Sakafu

Kathini Kyule alitimiza miaka arobaini na mmoja akiwa hajawahi kukanyaga sakafu halisi ya jimnastiki. Alizijua kwa kuzitazama tu. Alikuwa amezitazama kwenye simu yake mpaka kioo kikachakaa: zile sakafu pana za bluu ambazo wasichana wa mataifa makubwa huzikata kwa mbio kutoka pembe hadi pembe, wakapaa, wakazunguka hewani, wakatua kama waliowekwa chini kwa mkono.

Yeye mwenyewe alijifunzia kwenye saruji. Alizaliwa Kaloleni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji ambamo baba yake, mfanyakazi wa reli, aliishi mpaka akafa. Alipokuwa darasa la nne alianza kuchungulia dirisha la ukumbi wa mtaa, ambako vijana wa sarakasi walipandiana mabegani na kuruka ndani ya pete. Siku moja wakamwambia aache kuchungulia, aingie. Akaingia, na hakutoka kwa miaka kumi na mitano. Alizunguka na kikundi hicho katika mahoteli ya pwani, akavunjika kidole mara mbili, kisha kikundi kikasambaratika, mmoja akienda Uchina, mwingine Ujerumani, wengine wakibaki. Kathini alibaki. Akasomea ualimu, akaajiriwa katika shule moja ya msingi huko Kayole, na kila alasiri baada ya kengele ya mwisho akawa anarudi Kaloleni kufungua ukumbi ule ule na kufundisha watoto.

Hakutaka sarakasi tena. Sarakasi, alikuwa akisema, unawafanyia watu wanaokula. Jimnastiki unaifanya mbele ya majaji, na jaji hakupigii makofi. Anaandika alama, basi, na hakuulizi unatoka mtaa gani. Kathini alitaka kabla hajazeeka aone jina la mtoto wa Eastlands kwenye ubao huo wa alama, kando ya majina ya Wamisri na Waafrika Kusini. Hilo tu. Alilitaka jinsi watu wengine wanavyotaka nyumba au shamba.

Vifaa alivitafuta kwa ujanja. Kiarie, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na Soko la Burma, alimuundia meza ya kurukia kwa mabomba na sponji za makochi, na boriti ya kutembelea aliyoizungushia zulia. Sakafu ndiyo iliyowashinda. Sakafu halisi ina springi chini yake, nyingi ajabu, na juu ya springi mbao, na juu ya mbao sponji. Wao walitandika magodoro makuukuu na vipande vya mazulia juu ya saruji, na saruji hairudishi kitu. Kwa hiyo Kathini aliwafundisha watoto kuipiga kwa nguvu zao zote. "Ipige!" sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Ipige mpaka isikie!"

Shirleen alikuwa na miaka tisa Kathini alipomwona mara ya kwanza, nyuma ya maghorofa ya Kayole, akiruka juu ya tairi la lori lililofukiwa nusu ardhini na kupinduka hewani akiwa na sare ya shule. Wenzake walikuwa wamepanga foleni, na kila mmoja alianguka alivyoanguka. Shirleen pekee ndiye aliyemaliza amesimama, miguu pamoja, mikono juu.

"Nani amekufundisha kusimama hivyo?" Kathini akamuuliza.

"Hakuna mtu. Si ndio watu wajue nimemaliza?"

Mama yake, Wangeci, alikuwa akiuza matumbo Burma. Alimsikiliza Kathini huku akikwangua utumbo kwenye karai, bila kuinua macho.

"Atavunjika shingo huyo," alisema.

"Mimi nitakuwa chini yake, Mama Shirleen. Kila akiruka, mikono yangu iko chini."

Hapo Wangeci akainua macho. Alimtazama Kathini viganja, si usoni. "Madam, mimi nina huyu mmoja tu."

"Najua."

"Basi umchunge."

Miaka saba ikapita hivyo. Kila siku isipokuwa Jumapili, Shirleen alitoka shule akaja Kaloleni. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, aliongea hata akiwa ananing'inia kwenye chuma kichwa chini. Alikula kila kilichowekwa mbele yake. Alilia kwa hasira, kamwe si kwa maumivu. Kathini hakuwa na mtoto, na halikuwa jambo alilolizungumza, lakini alijua ukubwa wa kiatu cha Shirleen, na kwamba hisabati inamtesa, na kwamba akiogopa huuma mdomo wake wa chini upande wa kushoto hadi unakuwa mweupe.

Alipofika miaka kumi na mitano wakaanza mpinduko wa mara mbili. Unakimbia, unarusha mikono chini, unaruka kinyumenyume, kisha unapaa na kuzunguka hewani mara mbili kabla ya kutua. Kwenye sakafu ya springi, wasichana wengi wa ngazi ya juu wanaufanya. Kwenye saruji ya Kaloleni, nguvu yote ilibidi itoke mwilini mwa Shirleen mwenyewe. Kathini alisimama kando ya magodoro na kumsukuma kiunoni kila alipopaa, miezi mitano, mpaka mabega yake yakawa yanamuuma usiku kucha. Walihesabu pamoja kwa sauti: moja, mbili, fungua. Kwenye "fungua" Shirleen alinyoosha mwili kutafuta chini.

Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti, Kathini akarudisha mikono yake nyuma, akaacha. Shirleen akapaa peke yake. Moja, mbili, fungua. Akatua, akayumba, akasimama, akainua mikono. Watoto wenzake walipiga kelele hadi mlinzi wa ukumbi akaja mbio kuuliza nani ameumia.

"Madam, umeniachilia!" Shirleen alisema.

"Nimekuachilia."

Mwaka uliofuata akawa wa kwanza katika mashindano ya taifa, yaliyofanyika juu ya mikeka tu, na jina lake likapelekwa kwenye mashindano ya Afrika, huko Misri. Siku ya kuondoka Wangeci alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Alikuja uwanja wa ndege na mwanamke wa kanisa lao, wakawashika Kathini na Shirleen mikono, wakaomba kwa Kikuyu mpaka abiria wengine wakawapisha. Kisha akamtia bintiye mfuko wa maandazi na kumwambia asiwape Waarabu yote.

Hawakufika kwa wakati. Dhoruba ya vumbi la jangwani ilifunga anga kule walikokuwa wakienda, na ndege yao ikateremshwa katika mji mwingine, wakakaa hapo siku nzima na nusu wakilala kwenye viti. Shirleen aliyachukulia kama tafrija. Kathini alikuwa akitazama saa. Kila timu hupewa nafasi ya kuvijaribu vifaa vya ukumbini kabla ya mashindano, ili mwili uzoee. Walipotua, nafasi yao ilikuwa imepita tangu jana yake, na mashindano yalikuwa asubuhi iliyofuata. Mwanamke wa mapokezi aliwapa vitambulisho vya kuvaa shingoni, akawapa pole, akawaonyesha basi.

Kwa hiyo Shirleen alikanyaga sakafu ya springi kwa mara ya kwanza maishani mwake siku ile ile ya kupimwa.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda vizuri, vizuri kuliko Kathini alivyothubutu kutarajia. Kwenye meza ya kurukia hakukosea. Kwenye vyuma alishika. Kwenye boriti alitikisika mara moja, akajirudisha. Jina lake lilitokea kwenye ubao mkubwa, herufi nyeupe, na ubavuni bendera ya Kenya. Kathini alilipiga picha kwa haraka, ikatoka ukungu, akaipeleka hivyo hivyo kwa watoto wa Kaloleni waliokuwa wamekusanyika ukumbini kufuatilia kwenye simu ya mlinzi.

Sakafu ilikuwa ya mwisho. Wakapewa dakika chache za kupasha mwili. Shirleen akakimbia, akajaribu mpinduko mmoja tu, ule mwepesi, na sakafu ikamtupa juu na nyuma, akatua kwa makalio, akateleza hadi nje ya mstari. Alicheka. Akaja mbio kwa Kathini, chaki imemtapakaa mapajani.

"Madam, hii kitu inarusha mtu! Nimeenda juu mpaka nikashtuka."

"Umeumia?"

"Zii, niko sawa." Aligeuka akaitazama ile sakafu ya bluu, kisha akamrudia. "Sasa nifanye ile ya mbili, ama nifanye ya moja?"

Kathini alikuwa ameshapiga hesabu. Wanane bora ndio wangerudi kesho kwa fainali ya sakafu. Kwa mpinduko mmoja Shirleen angemaliza wa kumi, labda wa kumi na moja. Kwa miwili, wa nane. Wa saba, ikiwa Mungu yuko nao. Aliufikiria ukumbi wa Kaloleni, na vichwa vya watoto vimeizunguka simu moja. Alifikiria miaka kumi na mitano ya kuruka mbele ya watu wanaokula. Yote hayo yalipita kichwani mwake kwa muda mfupi kuliko wa kuyasimulia. Na alimtazama Shirleen, na aliuona mdomo wa chini, upande wa kushoto, umekuwa mweupe.

Aliuona. Kuhusu hilo hakuweza baadaye kujidanganya.

"Fanya ya mbili," akasema. "Ipige kama nyumbani."

"Sawa, Madam."

Kanuni hazimruhusu kocha kukanyaga sakafu wakati wa zoezi. Kathini alisimama nje ya mstari, kwenye kona, mikono mitupu. Muziki ukaanza. Shirleen akakimbia, akarusha mikono chini, akaipiga sakafu kama alivyofundishwa kuipiga saruji kwa miaka saba, na sakafu ikamrudishia yote.

Alipaa. Kathini hakuwahi kumwona mwanafunzi wake yeyote akiwa juu namna ile, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulijaa furaha. Kisha akamwona Shirleen akifungua mwili pale pale alipozoea kufungua, kwa hesabu ya Kaloleni, na chini kulikuwa bado mbali, na bado alikuwa anazunguka. Miguu ilifika imenyooka kama fimbo. Goti la kulia likapinda upande ambao goti halipindi. Mlio wa goti ulikuwa kama wa muwa unaovunjwa.

Muziki uliendelea. Shirleen hakupiga kelele. Alilala ubavu, akainua mkono mmoja kidogo, na Kathini hakujua, na hajui mpaka leo, kama alikuwa akiomba msaada au akiwaambia majaji kwamba amemaliza. Kathini alikuwa ameshavuka mstari. Mtu wa uwanjani akamshika bega asimguse msichana kabla ya daktari, naye akapiga magoti hapo hapo, hatua moja kutoka kwa Shirleen, akisema, "Niko hapa, niko hapa," na ni kweli alikuwa hapo, ila haikusaidia kitu.

Kano tatu zilikuwa zimekatika, na gegedu la goti limepasuka. Madaktari wa kule walimfunga mguu, wakashauri upasuaji ufanyiwe nyumbani. Siku nne baadaye walirudi Nairobi, Shirleen akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mtumishi wa uwanja wa ndege, Kathini nyuma na mabegi yote mawili.

Wangeci alikuwa pale pale alipoombea. Hakulia. Aliinama akamshika binti yake uso.

"Ilikuwaje?"

"Ni mimi, Mum," Shirleen akasema kabla Kathini hajafungua kinywa. "Madam aliniambia nifanye ya moja. Nikafanya ya mbili. Nilitaka tu kujionyesha."

Alisema bila kupepesa. Kathini alisimama na mabegi. Angesema pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini Wangeci alikwisha kumgeukia, akamkumbatia na kumwambia, "Asante kwa kunirudishia mtoto. Wengine wangemwacha huko." Na Kathini akanyamaza.

Alinyamaza siku kumi na moja. Siku hizo Shirleen alipasuliwa goti mara ya kwanza, na Wangeci alimgombeza kitandani kwa kutomsikiliza mwalimu wake, mbele ya wauguzi, mbele ya watu wa kanisa, na Shirleen akaitikia, "Pole, Mum." Siku ya kumi na moja Wangeci akamletea Kathini nyama ya mbavu hadi shuleni, imefungwa vizuri kwenye gazeti, ya shukrani. Kathini aliiweka juu ya meza katika ofisi ya walimu akashindwa kuifungua. Kengele ya mwisho ilipolia alienda Burma moja kwa moja.

Wangeci alikuwa ameinamia karai. Kibandani hapakuwa na mteja.

"Mama Shirleen, nimekuja kukwambia kitu. Shirleen amekudanganya kwa sababu yangu. Aliniuliza. Aliogopa, nikaona ameogopa. Nikamwambia fanya."

Mikono ya Wangeci iliendelea kukwangua, mara mbili, mara tatu, kisha ikatulia ndani ya maji.

"Ulikuwa chini yake?" aliuliza.

"Hawaturuhusu kuingia."

"Nimekuuliza, ulikuwa chini yake?"

"Hapana."

Wangeci akatikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu. "Nimemtusi mtoto wangu wiki mbili," akasema. "Amelala pale na mguu umejaa vyuma, namtusi, ananiambia pole." Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. "Enda, Madam. Usikuje hospitali. Usikuje kwangu. Sitaki kukusikia ukisema pole."

Jioni ile ile Shirleen akampigia simu. Kathini alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, mlango umefungwa nyuma yake. Sauti ya msichana ilikuwa ya chini, kwa sababu ya wagonjwa wengine wodini, lakini ilikuwa imejaa ile hasira aliyoijua.

"Mbona ulimwambia?"

"Kwa sababu ni kweli, Shirleen."

"Najua ni kweli! Mimi si ndiye nilikuwa huko?" Kathini akasikia kitanda kikilia. "Hiyo ndiyo kitu moja nilikuwa nimeweza kukufanyia. Sasa Mum hataki hata nitaje jina lako. Ungeniachia hiyo tu, Madam."

Simu ikakatika, na Kathini alipojaribu kupiga tena haikushikwa, wala siku iliyofuata, wala wiki ile.

Ukumbi ulikaa umefungwa miezi minne. Watoto walikuja wakagonga, wakaketi nje, wakaondoka. Alipoufungua tena ni kwa sababu aliwakuta wanajirusha peke yao kwenye nyasi za uwanjani, bila mtu wa kuwatazama. Akawapokea. Hakuwafundisha tena mipinduko ya mara mbili, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa arudie kusimama kwa mikono.

Kisha likatokea jambo ambalo Kathini hakujua alishukuru au alilaani. Video ya kuanguka kwa Shirleen ilikuwa imesambaa, na watu wa klabu moja ya jimnastiki ya nchi ya mbali waliiona, wakasoma kwamba msichana huyo alikuwa amefunzwa juu ya magodoro, wakatuma sakafu yao ya zamani. Ilifika kwa kontena, vipande vipande, springi zikiwa bado nzima. Kiarie alikuja na vijana wake wakaifunga ukumbini kwa siku tatu. Watoto walipoingia walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kathini alimtumia Shirleen ujumbe mfupi: *Imefika. Ni yako.* Alama mbili zikawa za bluu, kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja.

Goti lilipasuliwa mara ya pili. Shirleen alichelewa mwaka mmoja kufanya mtihani wa kidato cha nne, akapita wastani, na kupitia mtu wa kanisa akapata kazi katika duka la dawa kando ya Spine Road, huko Kayole. Hayo Kathini aliyasikia kwa watu, ila jina la duka hakuambiwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne sasa, na mgongo wake, uliosukuma viuno vya watoto miaka mingi, ulikuwa umeanza kumsumbua. Ijumaa moja baada ya masomo akaingia katika duka la kwanza aliloliona, akapanga foleni nyuma ya mzee mwenye kikohozi, na mzee alipoondoka akajikuta mbele ya Shirleen.

Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Koti jeupe. Nywele amezisuka nyembamba, nadhifu.

"Sasa, Madam," akasema.

"Shirleen."

"Ni mgongo?"

"Umejuaje?"

"Vile umesimama." Aligeuka kwenye rafu. Alipotembea, mguu wa kulia ulichelewa nusu hatua, na alipotaka dawa iliyo chini hakuchutama. Aliinama kutoka kiunoni, mkono mmoja kwenye kaunta. Akaandika kwenye bahasha ndogo kwa mwandiko ule ule wa kulala. "Mbili asubuhi, mbili jioni. Usikunywe na tumbo tupu."

Mama mmoja na mtoto mgongoni walikuwa wameingia na kusimama nyuma. Kathini alijua hana muda.

"Nisamehe," akasema.

Shirleen aliifunga bahasha, akakunja kona yake, akaikunjua.

"Nilishakusamehe, Madam. Kitambo sana." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea. "Lakini usikuwe unakuja hapa, tafadhali. Nikikuona, mguu unaniuma siku nzima. Kuna duka lingine la dawa huko mbele, kabla ya kituo cha magari. Wako na hii pia."

"Sawa," Kathini akasema.

"Pole na mgongo."

"Asante, mama."

Akatoka, akampisha yule mama na mtoto wake. Tangu siku hiyo dawa za mgongo huzinunua katika duka la mbele, na akitoka shule huvuka barabara mapema, akashika upande wa pili.